Kanabidioli na Maumivu Sugu: Kitendawili cha Kipimo

Kanabidioli, ambayo kwenye chupa huandikwa CBD, ni mojawapo ya kemikali zaidi ya mia moja zinazopatikana katika mmea wa bhangi. Roger Adams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliitenga mwaka 1940. Umbo lake la kikemia likabainishwa mwaka 1963 na Raphael Mechoulam huko Israeli. Hailevyi. Kinacholevya ni nduguye THC, ambayo hushika vipokezi vya CB1 vilivyojaa ubongoni. CBD haivishiki hivyo sawasawa. Yenyewe hupitia milango mingine, mmojawapo ukiwa TRPV1, kipokezi kilekile kinachotufanya tuhisi ukali wa pilipili.

Matumaini ya kuitumia dhidi ya uvimbe wa muda mrefu yana msingi wa kweli. Katika baridi yabisi, chembe za kinga hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe, huku zikimwaga kemikali za kuchochea uvimbe. Maarufu kati ya hizo ni TNF, ambayo baadhi ya sindano za kisasa za ugonjwa huo zimebuniwa kuizuia. Mwaka 2000 watafiti waliwapa CBD panya waliosababishiwa baridi yabisi kwa makusudi. Viungo vya panya hao vikaepuka uharibifu mkubwa, na TNF iliyotolewa ikapungua. Kipimo kilichofanya kazi vizuri zaidi kwa njia ya mdomo kilikuwa miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kikipita hapo, nafuu ilipungua badala ya kuongezeka.

Kwa binadamu mambo hayakwenda hivyo. Nchini Denmark wagonjwa 136 wenye maumivu ya viungo vya mikono, wengine kwa kusagika mifupa na wengine kwa uvimbe unaoambatana na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza miligramu 20 hadi 30 za CBD kila siku kwa wiki 12, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Matokeo yalipochapishwa, maumivu ya makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Mapitio yaliyofuata, yakikusanya majaribio 16 ya CBD dhidi ya maumivu, yalikuta 15 kati yake hayakuonyesha faida kuliko dawa ya kuzugia.

Je, tatizo ni kipimo? Hoja hii haipuuziki. Mwili wa panya huchoma dawa upesi kuliko wetu, kwa hiyo wataalamu hugawanya kipimo chake kwa takribani 12 ili kukadiria cha mtu. Miligramu 25 zinakuwa kama 2 kwa kilo, yaani 120 hivi kwa siku kwa mtu wa kilo 60: mara nne hadi sita ya kile walichomeza wagonjwa wa Denmark. Isitoshe, CBD ikimezwa bila chakula, ni kama asilimia 6 tu inayofika kwenye damu. Mlo wenye mafuta huongeza kiasi hicho mara kadhaa. Sasa chukua chupa ya mafuta ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 5. Ndani yake mna miligramu 500. Kwa 120 kwa siku, chupa imekwisha siku ya tano haijaisha. Anayedondosha matone mawili chini ya ulimi hayuko hata karibu na jaribio lolote la maabara, na sioni haya kusema kwamba sehemu kubwa ya biashara hii inategemea mnunuzi asipige hesabu hiyo.

Hata hivyo kupandisha kipimo kiholela si jawabu. Epidiolex, dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa kifafa kikali cha watoto, hutolewa kwa miligramu 10 hadi 20 kwa kilo, na madaktari hupima ini mara kwa mara kwa sababu vimeng'enya vyake hupanda, hasa kwa wanaotumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Dawa hiyo haijaidhinishwa kwa maumivu. Sativex, inayotumiwa na wagonjwa wa multipo sklerosisi katika baadhi ya nchi, ina CBD na THC karibu nusu kwa nusu, hivyo nafuu yake haiwezi kuhesabiwa kuwa ya CBD peke yake.

Kuna pia suala la kilichomo chupani. Utafiti wa mwaka 2017 ulipima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni Marekani: 26 tu zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC. Kwa Tanzania na Kenya, ambako bhangi ni haramu kisheria, THC hiyo inaweza kumfikisha mtu polisi. Na anayemeza warfarini kuyeyusha damu ana hatari nyingine: CBD hupunguza kasi ya ini kuivunja dawa hiyo, damu ikabaki nyepesi kupita kiasi, na daktari asiyeambiwa habari za chupa hiyo hatajua sababu.