Ulezi wa kilebu dhaifu

Ulezi wa kilebu dhaifu ni kumtunza kwa mkono mtoto wa mbwa aliyezaliwa mnyonge au aliyekosa mama. Adui wa kwanza ni baridi, si njaa: wiki za mwanzo kilebu hawezi kujipasha joto, na akipoa tumbo halisagi maziwa. Kwa hiyo hupashwa joto taratibu kabla ya kulishwa. Mwanza, penye upepo wa ziwa usiku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga kuukuu hutosha, mradi abaki na nafasi ya kuikwepa.

Maziwa ya kwanza ya mama, yenye kinga, ayapate ndani ya saa 24. Ya ng'ombe ni mepesi mno kwake na huweza kumharisha. Maziwa maalumu ya vilebu ndiyo bora. Hulishwa kila baada ya saa 2 hadi 3 kwa bomba lisilo na sindano, akilala kifudifudi. Wengi humlaza chali kama mtoto mchanga, maziwa yakaingia mapafuni. Akishiba, hupanguswa sehemu za siri kwa kitambaa chenye uvuguvugu, la sivyo hakojoi.

Macho hufumbuka siku ya 10 hadi 14. Wiki ya 4 huonjeshwa uji laini wenye dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, waliooshwa mchanga na kusagwa.