Unga wa Kakao na Mafuta Yake

Mpishi wa leo achanganyaye nyumbani unga wa kakao, sukari, maziwa ya unga na chembe ya chumvi, kisha akaufungia mchanganyiko wake katika mkebe ili kila jioni autilie maji ya moto, hafikiri kwamba kazi iliyo ngumu kuliko zote ilikwisha kufanywa kabla yake. Mbegu ya kakao yapata nusu yake ni mafuta. Wenyeji wa Mexico, kabla ya kuja kwa Waspania, waliisaga juu ya jiwe, wakaitia pilipili, wakakimimina kinywaji kutoka chombo hadi chombo mpaka kikatoa povu. Watu wa Ulaya waliiacha pilipili wakashika sukari. Lakini mafuta yaliendelea kuelea juu ya kikombe.

Dawa ya mafuta hayo ilikuwa wanga. Wauzaji wa Uingereza walitia kakao unga wa viazi au wa nafaka ili uyanyonye. Na kwa kuwa wanga ni rahisi kuliko kakao, kipimo chake kilizidi kukua. Kakao ikapauka, ikabidi irudishiwe rangi. Daktari Arthur Hill Hassall, aliyezichunguza bidhaa za London kwa hadubini na kuzitangaza habari zake katika jarida la The Lancet kati ya 1851 na 1854, aliona wanga mwingi na, katika baadhi, udongo mwekundu. Maskini ndiye aliyeunywa zaidi, maana ndiye anunuaye kilicho rahisi.

Lenye kusikitisha ni kwamba udhuru wa wanga ulikuwa umekwisha kuondoka. Mwaka 1828, huko Amsterdam, Casparus van Houten alipewa haki ya uvumbuzi wa kuikamua kakao kwa mashine. Sehemu kubwa ya mafuta ilitoka, na makapi yaliyobaki yakasagwa yakawa unga. Mwanawe Coenraad aliutia unga huo chumvi za jamii ya magadi, upate kuchanganyika vema na maji. Hata hivyo ilipita miaka 38 ndipo ndugu wa Cadbury, huko Birmingham, walipouza kakao iliyokamuliwa kwa mashine ya Van Houten na kuitangaza kuwa haikughushiwa. Walikuwa wafanya biashara, na usafi nao ni bidhaa. Lakini mnywaji alifaidika.

Mapishi mengine ya nyumbani hutaka kijiko cha wanga wa mahindi katika mkebe, si kwa kunyonya mafuta, bali kinywaji kipate kuwa kizito. Atiaye kijiko hicho ndiye atakayekinywa.