Upumuaji wa watoto wenye afya, Karagwe na Kyerwa

Upumuaji wa mtoto mwenye afya hutegemea umri wake na kazi anayoifanya kwa wakati huo. Karagwe na Kyerwa, wilaya za Mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, ni nchi ya vilima na mabonde. Mtoto anayeteka maji bondeni lazima apande nayo hadi nyumbani, hivyo kutweta ni sehemu ya siku yake.

Mtoto mchanga aliyetulia hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Wa umri wa shule ya msingi hupumua kama mara 18 hadi 25, na mtu mzima 12 hadi 20. Mwili mdogo hutumia oksijeni nyingi kwa kila kilo ya uzito, ilhali pumzi moja huingiza hewa kidogo, takriban mililita 6 hadi 8 kwa kilo. Mbavu za kichanga zimelala karibu usawa na haziinuki sana, kwa hiyo kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, ndicho kinachofanya kazi na tumbo ndilo linaloonekana kupanda na kushuka. Usingizini kichanga huweza kusita sekunde chache, kisha akaendelea. Mzazi hushtuka, lakini katika miezi ya mwanzo hiyo ni kawaida, mradi kusita kusifike sekunde 20 wala midomo isigeuke rangi.

Mtoto anayepanda kilima na dumu la maji huanza kuhema mara miguu inapoanza kazi, kwa kuwa ubongo unaoiamuru misuli huamuru pia pumzi. Baadaye kaboni dioksidi kutoka kwenye misuli huchochea pumzi zaidi. Akijitahidi sana anaweza kuvuka pumzi 50 kwa dakika, huku mdomo wazi. Akipumzika, kasi hupungua ndani ya dakika chache na anaongea bila kukatizwa. Kikohozi au mluzi wa kifua unaojirudia kila baada ya mbio ni jambo jingine: huenda ni pumu.

Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama wa baadhi ya vilima hivi, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pwani. Mtoto aliyezaliwa huko hana shida nao. Moshi wa kuni jikoni humdhuru zaidi.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo sawa na nusu dakika hudanganya. Asiwe analia wala kunyonya, na aliyefika zahanati kwa miguu apumzishwe kwanza. Kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, Shirika la Afya Duniani huita pumzi za haraka kuanzia 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo hewa, naye ametulia, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama hesabu haijafika hapo.