Kwa nini bunduki moja hubagua risasi

Bunduki za kuwindia za bei nafuu, kama Ruger American na Savage Axis za Marekani, hulaumiwa kwamba hazina shabaha. Mara nyingi tatizo ni risasi.

Chukua risasi za .308 Winchester. Vichwa vyake huwa na gramu 9.7, 10.7 au 11.7, na vyote hupita katika mtutu mmoja. Lakini baruti inapowaka mtutu hutetemeka, na kila aina ya risasi huutetemesha kivyake.

Wawindaji wa huko hujaribu hivi. Uwanjani, bunduki huegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, shabaha ikiwa yadi 100, yaani kama mita 91. Hupigwa risasi tano za aina moja, kisha mtutu huachwa upoe, maana mitutu ya bunduki hizi ni myembamba na hushika moto upesi. Ndipo aina nyingine hufuata, bila kugusa darubini. Hupimwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Inchi moja na nusu yatosha kwa kulungu. Matundu matatu yaliyokaribiana huenda ni bahati tu. Wala risasi ghali si lazima ishinde.

Darubini hurekebishwa mwishoni, kwa risasi iliyochaguliwa. Ukinunua boksi la kampuni nyingine, hata la uzito uleule, rudi uwanjani kwanza: risasi inaweza kuhama inchi kadhaa, ikampata mnyama tumboni badala ya kifuani, akakimbilia porini kufa polepole.