Mzee wa Nile Katika Dari ya Würzburg

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaosoma maneno haya kijitabuni, leo twataka kuwasimulia habari ya picha moja iliyochorwa mbali sana na Mwanza, ijapokuwa yahusu maji yale yale tunayoyachota kila siku.

Katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani, lipo jumba kubwa lililojengwa kwa ajili ya askofu aliyekuwa pia mtawala wa nchi ile. Juu ya ngazi za jumba hilo, katika miaka ya 1752 na 1753, Giovanni Battista Tiepolo, mchoraji wa Venice, pamoja na wanawe wawili, aliipamba dari yote kwa rangi iliyopakwa juu ya chokaa mbichi. Picha hiyo ina zaidi ya mita za mraba 600. Mtindo wake huitwa Rokoko: rangi nyepesi kama za alfajiri, mawingu mengi, na watu waeleao hewani. Katikati yupo Apollo, mungu wa jua katika hadithi za Wayunani wa kale, na kandokando yamo mabara manne. Ulaya ameketi katika kiti cha enzi. Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia. Karibu naye wapo wafanya biashara wenye vilemba, na kima avutaye manyoya ya mbuni. (Kima huyo, twakiri, alituchekesha.) Yupo pia mzee mmoja, naye ndiye Nile, kwa kuwa watu wa kale waliufanya kila mto kuwa mungu mwenye umbo la mtu.

Tiepolo hakupata kufika Afrika. Mengi aliyatoa katika vitabu na picha za waliomtangulia. Tulipowaonyesha wanafunzi wetu chuoni nakala ya picha hiyo, mmoja wao, mzaliwa wa Ukerewe, aliuliza, "Mwalimu, ziwa li wapi?" Tukatafuta pamoja. Hapakuwa na ziwa.

Sababu yake yaonekana Roma. Huko, mwaka wa 1651, Bernini alimaliza chemchemi yenye sanamu za mito minne, na mto Nile alimfunika kichwa kwa kitambaa, maana wataalamu wa Ulaya hawakujua utokako. Wavuvi wa pwani ya ziwa letu, wakati huo huo, walikuwa wakitupa nyavu zao katika maji hayo.

Waliomfungulia Mzungu njia walikuwa watu wa huku. Mwaka wa 1858 wafanya biashara Waarabu wa Kazeh, penye Tabora, waliwaambia Richard Burton na John Hanning Speke kwamba kaskazini liko ziwa kubwa kupita Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa, basi Speke akaenda bila yeye, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa mpaka Bara Hindi, kisha akarudi akiwa mtu huru. Speke alisema naye Kihindi, na Bombay akawauliza wenyeji. Basi maarifa mengi ya safari ile yalipita kinywani mwa Bombay kabla ya kufika kitabuni. Wenyeji waliliita ziwa Nyanza. Speke akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Alikaa siku chache tu, wala hakuona mahali mto utokapo, ndiyo maana Burton alimkatalia. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliyaona maporomoko ya Jinja, na mwaka wa 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua. Maporomoko yale yalizama baada ya bwawa la Owen kufunguliwa mwaka wa 1954. Dari ya Würzburg, kwa upande wake, ilisalimika mabomu ya tarehe 16 Machi 1945, ingawa paa la jumba liliteketea.

Na ziwa letu nalo hupokea maji ya Kagera, mto ambao vijito vyake hutoka Rwanda na Burundi; na huko vilimani wataalamu wameendelea kubishana ni chemchemi ipi iitwe ya kwanza.