Panya Wadogo na Kansere ya Damu

Panya ni adui wa ghala zetu, hakuna anayemsifu. Lakini katika historia ya lesemi, ni kusema kansere ya damu, panya ndio waliowafundisha wanganga mambo makubwa. Inafaa tuyajue, maana tunaketi karibu na wagonjwa, na jamaa zao wanatuuliza: Ugonjwa huu unatoka wapi? Je, unaambukiza?

Tuanze na kuku. Mwaka 1908, huko Copenhagen, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang walichuja maji ya viungo vya kuku wenye lesemi, hata zisibaki seli. Wakawadunga kuku wazima, nao wakaugua. Basi kulikuwa na kitu kidogo mno kilichopita katika chujio: virusi. Lakini wengi hawakujali. Walisema: Mambo ya ndege si mambo ya wanyama wanaonyonyesha.

Shauri lilikaa hivyo zaidi ya miaka arobaini. Ludwik Gross, munganga aliyezaliwa Krakow mwaka 1904, aliikimbia vita ya Polandi, akafika Marekani, akafanya kazi katika hospitali ya askari wa zamani, huko Bronx, New York. Alikuwa na koo mbili za panya. Wa ukoo wa AK, waliozalishwa kwanza na Jacob Furth, wengi mno walikufa kwa lesemi. Wa ukoo wa C3H waliipata mara chache. Aliwadunga hawa maji yaliyotoka kwa wale, akakosa kitu. Kisha alisikia kwamba Gilbert Dalldorf amegundua virusi vingine kwa kutumia panya wachanga. Naye akawadunga watoto wa panya waliozaliwa siku ileile, ambao mwili wao haujajua bado kujikinga. Walipokua, lesemi ikawashika. Akatangaza jambo hilo mwaka 1951.

Wataalamu wengi hawakumsadiki, kwa sababu walijaribu wao wenyewe wasifaulu.  Gross aliendelea na kazi yake, hata Furth mwenyewe akahakikisha kwamba ni kweli. Mwaka 1956 Charlotte Friend alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu, akaeleza virusi vingine vinavyoleta lesemi hata kwa panya wakubwa. Naye alishambuliwa kwa maneno makali. Mwaka 1957 akachapisha habari zake, na virusi vile vinaitwa kwa jina lake hata leo.

Tuone sasa matunda. Mwaka 1970 David Baltimore, kwa virusi vya lesemi ya panya, na Howard Temin, kwa virusi vya kuku, walionyesha kwamba virusi vya namna hii vina anzimu ya kunakili RNA kuwa DNA. Mwaka 1974 Wolfram Ostertag aliona kwamba dawa ya AZT inazuia virusi vya Friend. Wakati ule haikuonekana na kazi kubwa. Lakini mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza ya sida kukubaliwa Marekani. Mwaka 1980 kundi la Robert Gallo lilitangaza HTLV-1, virusi vinavyoweza kuleta lesemi kwa mtu. Viko pia katika Afrika ya Kati, na kwetu Kongo.

Lakini tusichanganye mambo. Mtu si panya mkubwa. Lesemi nyingi za watu hazitoki kwa virusi. HTLV-1 vinapita kwa maziwa ya mama, kwa damu na kwa tendo la ndoa. Na wengi wenye virusi hivyo hawapati lesemi kamwe. Kwa hiyo jibu letu kwa jamaa liwe wazi: mgonjwa wa lesemi hamwambukizi mtu kwa sahani, kwa kitanda wala kwa mkono anaoshikwa. Asitengwe, wala asitafutwe mchawi. Apelekwe hospitali mapema, na sisi tubaki karibu naye.