Udaipur: Mji wa Maziwa na Amana

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, tumeona vyema kuwasimulia wanachama na majirani habari za Udaipur, mji wa Rajasthan, jimbo linalopakana na nchi ya wazee wetu, Gujarat. Wengi huusifu kwa uzuri wake. Sisi tunaona ndani yake somo la amana.

Mji huu uliasisiwa mwaka 1559 na Maharana Udai Singh wa Pili. Hata hivyo, asingefikia utu uzima lau si yaya wake, Panna Dhai. Banvir, aliyenyakua kiti cha ufalme wa Mewar, alipokuja kumwua mrithi angali mtoto, Panna alimtorosha, akamlaza mwanawe wa kumzaa mahali pake. Mwanawe akauawa. Fahari yote ya Udaipur imesimama juu ya msiba wa mama huyo.

Ziwa Pichola lilikuwapo kabla ya mji. Mapokeo yasema kuwa bwawa lake la kwanza lilijengwa katika karne ya 14 na mchuuzi wa nafaka wa kabila la Banjara. Ufukweni, watawala waliofuatana waliendelea kulipanua Jumba la Mji, na karibu na lango lake lipo hekalu la Jagdish, lililokamilika mwaka 1651 wakati wa Maharana Jagat Singh wa Kwanza. Mwenye kuabudu hupanda ngazi za marumaru, akampita Garuda wa shaba, ndipo amwone Vishnu wa jiwe jeusi.

Katika kisiwa cha Jag Mandir, Maharana Karan Singh alimhifadhi Khurram, mwana wa mfalme wa Wamughal aliyekosana na baba yake. Wamughal na Mewar walikuwa wamepigana miaka mingi, lakini mgeni hakuulizwa dini yake. Ndiye aliyekuja kuitwa Shah Jahan, mjenzi wa Taj Mahal.

Kaskazini ya mji lipo hekalu la Eklingji. Watawala wa Mewar waliamini kuwa mfalme wa kweli ni Shiva, na wao ni mawaziri wake tu.

Hekalu letu nalo si mali ya wadhamini wala ya wafadhili. Tumekabidhiwa na waliotutangulia, nasi tutawakabidhi watoto wetu, mlango ukiwa wazi kwa jirani.